Kikapu cha Fisi Kilichovuka Kila Siku

Hapo zamani za kale, watoto, siku zile wanyama walipokuwa na majiko, milango na majirani wa kugombana nao, palikuwa na nchi iliyoitwa Bondeni. Nchi ile ilikuwa na karanga, ilikuwa na miwa, ilikuwa na kivuli na maji baridi. Kitu kimoja tu kilikosekana. Chumvi!

Chumvi ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa Heroe, wale ndege wa miguu mirefu na shingo za kupinda. Ukiitaka chumvi yao, uwapelekee kitu, nao wakipende. Usipopeleka, kunywa uji wako hivyo hivyo, hauna mbele wala nyuma.

Basi Mfalme Ndovu akawakusanya raia wake, akapaza sauti:

"Kuanzia leo tunauza nje! Atakayevusha mzigo kwenda Ng'ambo, ghala langu litamsaidia. Kila mzigo, debe la karanga na bonge la sukari guru, ili atengeneze zaidi. Na kila mzigo ukivuka, ngoma ipigwe nami niisikie!"

Hoihoi! Vigelegele! Vumbi likapanda mpaka juani.

Kazi ya kuvusha akapewa Kiboko. Anaupakia mzigo mgongoni, chubwi, chubwi, chubwi, anaufikisha upande wa pili, anarudi, halafu anaipiga ngoma iliyotundikwa kivukoni:

Ndu! Ndu! Ndundundu!
Kimevuka, kimevuka!
Bondeni tumeinuka!

Kule juu kilimani, Mfalme akiisikia tu, masikio yanapepea, miguu inacheza, na nyungu za majirani zinaanguka toka rafuni.

Sasa, katika nchi ile aliishi Pimbi. Mdogo, jamani! Ukimtazama haraka utadhani ni jiwe lenye macho. Alikuwa na watoto watatu, sufuria moja, na mkono uliojua kupika kashata. Kashata za Pimbi ukiziuma zinalia ka! Ukizitafuna, unasahau uliyekuwa umegombana naye.

Kila asubuhi Pimbi alikwenda kivukoni na sinia lake kichwani.

"Shikamoo, mjomba Kiboko."

"Marahaba, mama kashata. Leo nafasi hakuna."

"Hata jana ulisema hivyo, mjomba."

"Na kesho njoo nikuambie tena. Wauzaji wakubwa kwanza. Wewe na kisinia chako mtapotea mgongoni mwangu, nije nitafutwe mimi."

"Basi ghala linipe karanga kidogo, nipike nyingi, na mimi niwe mkubwa."

"Ghala linawapa waliopigiwa ngoma. Wewe umepigiwa ngoma?"

"Sijavuka. Nitapigiwaje?"

"Basi vuka."

"Nivushe!"

"Nafasi hakuna."

Pimbi anarudi nyumbani, kashata zinayeyuka juani, watoto wanalamba sinia. Karanga zilikuwa zinakwisha. Ndani ya mtungi zilibaki za kupika mara moja tu. Baada ya hapo, sufuria ingefunikwa na jiko lizimwe.

Na muuzaji mkubwa alikuwa nani? Alikuwa Fisi! Bwana Fisi, kifua mbele, kofia upande, na kikapu kikubwa kilichoshonwa mdomo kwa kamba. Asubuhi anavuka na kikapu, ndu! Mchana anavuka na kikapu, ndu! Jioni anavuka na kikapu, ndundundu! Kila akivuka, ghala linamtolea debe la karanga, naye anakwenda kujifungia nalo ndani, kwichi, kwichi, kwichi. Hakupika hata punje. Alitafuna tu.

"Bwana Mkubwa," Pimbi alimuuliza siku moja, "humo ndani unauza nini?"

"Bidhaa," akasema Fisi.

"Bidhaa gani?"

"Bidhaa bora. Hheee! Hhehehee! Pisha njia, kadogo wewe."

Lakini Pimbi, kwa kuwa alishinda kivukoni akinyimwa nafasi, alikuwa na muda mwingi wa kutazama. Na alichokiona ni hiki: kikapu cha asubuhi kilikuwa na kiraka chekundu ubavuni. Cha mchana kilikuwa na kiraka chekundu ubavuni. Cha jioni? Kiraka chekundu, ubavuni!

"Mjomba Kiboko," akasema, "hukioni kikapu hiki? Si ndicho cha asubuhi?"

Kiboko akafumba jicho moja. "Mama kashata, mimi nimewekwa kutazama vinavyokwenda. Vinavyorudi si kazi yangu."

"Ni kazi ya nani?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Mapovu yakamtoka puani, bwabwabwa. "Kwa kweli," akasema, "hakuna aliyewekwa."

Pimbi akashuka ukingoni, akafuata nyayo za Fisi. Kumbe! Kule chini, penye maporomoko, palikuwa na gogo lililolala kutoka ng'ambo mpaka huku. Gogo lenye utelezi, la kuvukwa na miguu mirefu. Fisi anavuka mgongoni kwa Kiboko kwa ngoma na shangwe, anajilaza kule kichakani, halafu anarudi kimyakimya kwa gogo na kikapu kilekile. Na pale alipokitua njiani, mdomo wa kikapu ulikuwa umemwaga kidogo. Pimbi akainama, akagusa, akaonja.

Mchanga!

"Loo!" akasema Pimbi. "Nchi nzima inachezea mchanga!"

Siku ileile mbiu ikapigwa. Kesho jioni Mfalme mwenyewe atashuka kivukoni kumvika Fisi shada la Muuzaji Bora. Na zaidi ya shada, atapewa funguo za ghala, achukue karanga zote zilizobaki.

Zote! Pimbi alisimama katikati ya njia, mkono kinywani. Angekwenda kusema, nani angemsikia? Fisi ana ngoma, yeye ana sinia. Akarudi nyumbani, akazimimina karanga zake za mwisho, akakaanga, akayeyusha sukari, akakoroga, akakata. Akapika kashata mpaka sufuria ikabaki tupu.

Kulipokucha akaenda kwa Fisi.

"Hodi, Bwana Mkubwa! Leo si ndiyo siku yako?"

"Hheee! Ndiyo yenyewe."

"Na utasimama mbele ya Mfalme na kikapu chenye tope hivyo? Watu watasema nini? Muuzaji Bora, kikapu kama cha kubebea majivu!"

Fisi akakitazama kikapu. Akajitazama. Sifa zikampanda kichwani.

"Kwani unaweza kukisafisha?"

"Nikisugue, nikifunge na majani ya mgomba, mpaka king'ae. Wewe nenda ukachane manyoya."

"Lakini usikifungue!"

"Mimi? Nifungue? Kwa vidole hivi?"

Fisi akaenda kuchana manyoya, na Fisi, watoto, ana manyoya yasiyochanika. Huku nyuma, chrrr! mchanga ukamwagwa uani. Kashata zikaingia chini, majani juu yake, na juu ya majani akaingia Pimbi, akajivutia kamba kwa ndani.

Fisi akarudi, akabeba. Akasimama. Pua ikacheza. Nf, nf, nf.

"Mbona kuna harufu ya karanga zilizokaangwa? Ngoja kwanza, nichungulie..."

Pimbi akajikunyata ndani. Akabana midomo, akafanya:

"Nzzzzzz!"

"Mama yangu, nyuki!" Fisi akaruka hatua tatu, kikapu kichwani. "Wameingia kunusa harufu! Sifungui kitu!"

Akakimbia mpaka kivukoni. Chubwi, chubwi, chubwi, Kiboko akawavusha, akarudi, ngoma ikalia. Ndu! Ndu! Ndundundu! Naye Fisi, kama desturi yake, akajitupa kichakani. Haikupita dakika: khrrr, fyuuu. Khrrr, fyuuu.

Pimbi akatoka, akajipangusa, akapanga kashata zake juu ya jani. Heroe wakaja na miguu yao mirefu, tap, tap, tap.

"Wewe ni nani?" wakauliza.

"Mimi Pimbi, natoka Bondeni. Nimeleta biashara."

Wakatazamana. "Bondeni? Pale mnapopiga ngoma kila siku? Sisi tulidhani mna harusi!"

"Harusi?"

"Ndiyo. Tukawa tunasema, watu wale wanaoana sana, wala hawatualiki."

"Ile ni ngoma ya vitu tunavyowauzia nyinyi," akasema Pimbi.

"Sisi? Mmetuuzia nini?"

"Bado. Ndiyo naanza. Onjeni."

Ka! Ka! Ka! Shingo zikanyooka. Macho yakafumba.

"Ala! Kumbe mna vitu, mnatunyima!" Wakaanza kusukumana. "Lete hii! Mimi nilitangulia! Toa bawa lako!"

"Polepole, mabibi. Kila kashata kwa kata ya chumvi."

Jua halijafika utosini, kashata zimekwisha, na kikapu cha kiraka chekundu kimejaa chumvi nyeupe, pe! Pimbi akazama ndani yake, akaacha pua tu, akafunga kamba.

Jua lilipoinama ndipo Fisi akaamka, akanyoosha mgongo, akabeba.

"Hhh! Leo mchanga umekula nini?" Akapepesuka hadi kwenye gogo. Hatua moja, hhh! Hatua ya pili, hhh! Miguu ya nyuma ikamlegea, kiuno kikashuka. "Nikitue nipumzike kidogo..."

"Nzzzzzz!"

"Nabeba! Nabeba!"

Mle ndani Pimbi alijiziba mdomo kwa mikono miwili asicheke. Watoto, nani amewahi kusafiri hivyo? Kwenda amebebwa, kurudi amebebwa, na mwenye kumbeba hajui kama ni hamali.

Kivukoni watu walikuwa wamejaa. Mfalme Ndovu alisimama katikati, shada limening'inia kwenye mkonga wake, funguo za ghala zikilia cheng, cheng.

"Huyu hapa!" akanguruma. "Mlishaji wa taifa! Fisi wangu, hili ni kapu la ngapi?"

"Mtukufu, hesabu imenishinda," akahema Fisi.

"Basi kabla hili halijavuka, tulifungue, watoto waione bidhaa inayotuinua."

"A-a! Mtukufu, ikipigwa na upepo inaharibika!"

"Kidogo tu."

"Ina nyuki!"

Lakini mkonga ulikwisha nyooka. Kamba, pwa! Kikapu kikainama, na chumvi ikamwagika mchangani, nyeupe, nyingi, yenye kumeta. Mtoto mmoja wa swala akailamba.

"Chumvi!" akapiga kelele. "Mama, ni chumvi!"

Basi zogo!

"Kumbe chumvi yetu ikiletwa, ndiye anayeirudisha ng'ambo!"

"Miezi yote hii nanywa uji kama maji ya kuoshea vyombo, kumbe yeye anaipeleka kule!"

"Mshikeni!"

Mfalme akapanua masikio, kivuli chake kikamfunika Fisi. "Fisi! Unawarudishia Heroe chumvi, na sisi hatuna?"

Fisi akapiga magoti. "Si chumvi, Mtukufu! Haijawahi kuwa chumvi! Naapa kwa mama yangu mzazi, tangu mwanzo ni mchanga! Mchanga mtupu! Kikapu kimoja tu, kinakwenda, kinarudi kwa gogo, kinakwenda tena! Muulize Kiboko!"

Kiboko akazama mpaka puani. "Vinavyorudi," likatoka povu moja, "si kazi yangu."

Ndipo chumvi ikatikisika, ikajitokeza pua, zikajitokeza ndevu, na Pimbi akasimama juu ya rundo, mweupe kama bibi kizee.

"Hodi, Mtukufu! Chumvi ni yangu. Nimeipata Ng'ambo leo kwa kashata zangu, na Bwana Mkubwa huyu amenibebea kwenda na kurudi. Nashukuru. Ana mgongo mzuri."

Watu wakacheka, wakashikana mbavu. Mfalme peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ngoma.

"Pimbi," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nilikuwa nachezea mchanga?"

"Ulicheza vizuri sana, Mtukufu," akasema Pimbi. "Nyungu zetu zote zilivunjika."

Mfalme akatazama chini. Halafu mkonga ukaanza kutikisika, tumbo likatikisika, na kicheko kikamtoka, mto ukafanya mawimbi na Kiboko akameza maji.

Siku hiyohiyo ngoma ikahamishwa. Ikatundikwa hatua chache kutoka kivukoni, penye mlango wa kuingilia nchi, na amri ikawa haipigwi mzigo ukitoka, inapigwa chumvi ikiingia. Funguo za ghala akapewa Pimbi, awagawie karanga wale wenye sufuria zenye masizi. Kila mpishi akapata nafasi mgongoni mwa Kiboko, hata mwenye kisinia. Na mizigo yao toka jikoni hadi kivukoni aliibeba nani? Aliibeba Fisi! Ndiyo maana mpaka leo mkimwona, kiuno chake kimeshuka nyuma.

Jioni ile vitoto vitatu vya Pimbi vilikunywa uji wenye chumvi mpaka vikalamba bakuli, na kutoka mlangoni mwa nchi ikasikika:

Ndu! Ndu! Ndundundu!
Imefika, imefika!
Uji wetu wanyweka!

Nami nilipita hapo, nikaombwa nionje kashata moja. Nilionja tatu, nikaja kuwasimulia.

Basi watoto, shikeni hili: usishangilie mzigo unaotoka mpaka umeona kilichorudi nyumbani.