Ruhusa Moja, Makamanda Watatu

Sogeeni karibu. Hadithi yenyewe si ndefu: waliomo walikuwa wamechoka, na mimi nimechoka kuiamua peke yangu.

Mfalme mmoja wa milimani aliwaogopa makamanda wake kuliko maadui. Basi akaigawa amri vipande vitatu. Shekiondo akapewa mkuki: yeye tu ndiye wa kusema "Mbele!" Kilua akapewa ngao, awe wa kusema "Simama!" Mkufya akapewa pembe ya kurudi nyuma. Atakayetoa amri isiyo yake, auawe.

Wakapelekwa pamoja na askari themanini kulinda kivuko cha mto. Miezi saba ya mvua, mahindi makavu na viroboto. Kilua alikuwa amepata mtoto nyumbani. Alisikia tu kwamba mtoto ameota meno. Mama yake Shekiondo alikuwa anapofuka. Mkufya hakuwa na wa kumngojea, alitaka kulala tu.

Asubuhi moja adui akaanza kuvuka. Hakuna aliyetaka kutoka hemani. Shekiondo akainua mkuki: "Mbele!" Wakashuka, wakamsukuma adui mpaka katikati ya mto.

Hapo wakanogewa, wakataka kumfuata hadi ng'ambo. Kilua akaona maji yamekuwa mekundu kwa udongo, akajua huko juu imenyesha. Akainua ngao: "Simama!" Wakasimama, maji magotini, wakimlaani.

Lakini kusimama tu kusingewaokoa, mto ulikuwa unapanda. Mkufya akapuliza pembe. Wakarudi mbio mlimani. Adui akadhani wamemkimbia, akawafuata, na mafuriko yakamkuta katikati. Askari wakahesabiwa: themanini.

Siku ya tatu akaja tarishi wa mfalme na ruhusa moja. "Aliyeokoa jeshi aende nyumbani leo. Wawili wabaki miaka miwili. Ni nani?"

"Bila mimi mngechinjwa hemani," alisema Shekiondo.

"Na bila mimi mngezama, ndugu yangu," Kilua akajibu.

Mkufya alikaa juu ya gunia. "Sina nguvu za kubishana. Ila pembe niliipuliza mimi. Tarishi, hebu chagua wewe."

"Mimi nimepewa kuleta tu. Mmoja wenu aamuru."

Wakatazamana. Mfalme hakumpa mtu yeyote amri ya kuchagua, na adhabu yake waliijua. Nawaonea huruma wote watatu.

Tarishi ameshafunga viatu, na jua likizama ruhusa haifai tena. Je, wewe ungeamua vipi? Nani aende nyumbani?