Jina la Kwenye Pembe Nyeupe

Aliyemwambia Saumu habari nzima ni Bi Kibibi, siku ya pili yake, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa hadi kiwikoni. Saumu mwenyewe alijua mwanzo tu wa jambo. Katikati yake alikuwa amelala sakafuni, damu inamtoka sikioni.

Ilikuwa hivi. Katika chumba kimoja cha ushonaji pale Muheza walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na chombo chake. Bi Kibibi alikuwa na pasi ya mkaa isiyopoa tangu asubuhi hadi jioni. Mwantumu alikuwa na mkasi mkubwa, uliopita katika tabaka nane za kitambaa bila kuyumba. Wa tatu, jina lake Tatu, asiyeona mbali, alikuwa na sumaku ndogo iliyofungwa uzi. Pini ikitumbukia hata kwenye ufa wa sakafu, aliivua kama samaki.

Wa nne ndiye Saumu, mshonaji wa mashuka ya viraka. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akawa analala humo humo, akimkimbia mumewe Kombo, aliyeapa kwamba mtoto si wake.

Siku ya tano, adhuhuri, mlango ukagongwa.

"Nani?" akauliza Tatu.

"Mteja. Nimeleta suruali ya kupunguza."

Tatu akafungua komeo. Kombo akaingia na panga.

"Kiko wapi kile kiharamu? Leo kinalala kisimani!"

Akamkamata Saumu nywele, akamgonga kichwa kwenye chuma cha cherehani. Mara moja. Mara ya pili. Kabla ya ile ya tatu Saumu akapiga ukelele, "Atakayeniokolea mwanangu, mwanangu ataitwa jina lake!" Kisha giza.

Kombo akamfunga mtoto ndani ya shuka la viraka, akalitundika shingoni mwake kwa fundo ili mkono wa panga ubaki huru.

Bi Kibibi akasimama mbele yake. "Muweke chini, Kombo."

"Pisha, ajuza! Kapige pasi sanda yako!"

Panga likashuka, vidole viwili vya Bi Kibibi vikaanguka juu ya meza. Kwa mkono uliobaki mzima akamsukumia pasi usoni. Ngozi ikalia kama maji kwenye kikaango cha moto. Panga likamponyoka.

Hata hivyo Kombo, jicho moja limeungua, alitimua mbio kuelekea uani, kwenye kisima. Mwantumu akamwahi mlangoni, akamshika. Akapigwa ngumi ya kwanza, akapigwa ya pili, asiachie. Akaupitisha mkasi kati ya koo la Kombo na kichwa cha mtoto, akabana mara moja. Shuka likakatika, mtoto akamwangukia mkononi, na hakuna aliyekwaruzwa.

"Nimempata!" akapaza sauti.

Hapo ndipo alipokosea. Mafundi hubana pini midomoni wakifanya kazi, na Mwantumu alikuwa nazo tatu. Alipojipapasa, alikuta mbili. Mtoto, aliyekuwa akilia kinywa wazi, alinyamaza, midomo ikageuka rangi ya samawati.

"Mshike kichwa. Usimtikise," Tatu akasema. Akateremsha sumaku kwa uzi wake, taratibu, hadi alipohisi uzi umekuwa mzito. Akavuta. Pini ikatoka na tone la damu, na nyuma yake kilio.

Wakati huo wanaume wa sokoni, waliokimbilia kelele, walikuwa wamekwisha kumfunga Kombo kamba, na polisi wakamchukua.

Jioni ya siku ya sita wote wanne walikaa kumzunguka mtoto, kwa kuwa jina hutolewa siku ya saba.

"Mimi sina mtoto," Bi Kibibi akasema, "na sasa hata mkono wa kupigia pasi sina. Jina langu litakwenda na nani?"

"Bila mkasi wangu, shangazi, mngekuwa mnamvua kisimani kwa ndoo."

"Na pini ilikuwa ya nani, mwenzangu?" Tatu akauliza.

"Na komeo lilifunguliwa na nani?"

Tatu akainama.

"Basi nimpe yote matatu," Saumu akasema.

"Majina matatu ni ya watoto watatu," Bi Kibibi akamjibu. "Ulisema jina lake, mwanangu. Hukusema majina yao. Tulikusikia sote."

Asubuhi iliyofuata, Saumu aliamka kabla wageni wa kutoa jina hawajafika. Alilishona upya shuka lililokatwa, akaacha pembe moja nyeupe ya kutarizi jina. Pembe hiyo aliinyoosha kwa pasi ya Bi Kibibi. Uzi mwekundu aliukata kwa mkasi wa Mwantumu. Sindano ilipomponyoka, aliiokota kwa sumaku ya Tatu. Akatunga uzi, akafunga fundo, akachoma tundu la kwanza, na mkono wake ukasimama hapo.

Wageni wanavua viatu mlangoni. Enyi mnaonisikiliza, sindano nawapa nyinyi: mngetarizi jina la nani?