Kwa Nini Nyota za Rangi ya Chungwa Huwaka kwa Kiasi

Zamani hizo, kabla usiku haujapewa zamu yake, nyota zote zilikuwa nyeupe, tena zilikuwa wanawake, kila mmoja na mafiga yake. Huko juu mwanamke hakusifiwa kwa upishi wala kwa malezi. Alisifiwa kwa moto. Aliyewasha mdogo aliitwa mvivu, na jina la uvivu, mnalijua wenyewe, halitoki kwa kuoga.

Nakiete alikuwa mfupi wa kimo na kuni zake zilikuwa chache, lakini hakukubali kushindwa na jirani yake Namkunda, ambaye moto wake ulionekana mbingu zote saba. Basi hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anachochea, akichochea anachungulia kwa jirani. Mwanawe wa pekee, Nanzia, alikuwa akitambaa kando ya mafiga.

Siku moja aliona ngozi ya mtoto imebabuka. Akamwogesha kwa majani, akahamisha mkeka, akamshuku hata Namkunda kuwa ana kijicho. Vidonda vikazidi. Cheche haikumrukia mtoto, ulimi wa moto haukumgusa, sasa ni nini? Nakiete akawa anaingia na kutoka kama aliyepotelewa na kitu, mpaka alipomgeuza mtoto akaona mgongo wake ni mzima. Upande ulioelekea moto ndio ulioungua. Hapo akaelewa kwamba moto ukizidi weupe hutoa na mwanga mwingine, usioonekana, unaouma kimyakimya. Wasomi wenu wanauita urujuanimno. Yeye hakuwa na jina la kuupa. Aliuogopa tu, akalia kwa sauti.

Akachota majivu kwa mikono miwili, akaufukia moto. Weupe ukazama, ikabaki rangi ya chungwa lililoiva.

"Mwenzangu, umeishiwa kuni?" Namkunda akamcheka.

"Cheka tu. Wewe huna mtoto wa kuungua."

Lakini moto uliozoeshwa kuchochewa hautulii kwa siku moja. Kila Nakiete alipojinyoosha, ulifumuka chini ya majivu ukampiga mtoto tena, naye akaruka kuufukia. Hakulala. Miaka ikapita hivyo, mingi mno. Namkunda alimaliza kuni zake zote, akapasuka, akazimika, na Nakiete alikuwa bado anafukia.

Siku moto ulipopoa kweli, aliketi, akanyoosha mikono.

"Njoo, mwanangu. Moto hauumi tena."

Nanzia alikuwa amepona, amekuwa msichana. Alisogea hatua moja, akasita. Kisha akageuka upande, akaanza kutembea, akimzunguka mama yake kwa mbali, macho yake kwenye moto.

Na tangu siku hiyo nyota za rangi ya chungwa huwaka kwa kiasi, na huishi miaka mingi kuliko zile nyeupe zote. Sayari zao, ambazo ndizo watoto wao, huzizunguka. Hawasogei karibu, wala hawaondoki. Na mama hajaishusha mikono yake.