Namba Isiyokuwa Juu ya Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni basi. Wa kusinzia akalale, mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kililima matuta marefu. Watu walikwenda mbele na tuta, wakarudi nyuma na tuta. Kuvuka tuta la mwenzio kulikuwa mwiko.

Mpimaji wa mashamba yote alikuwa Bi Namwaka. Alipozeeka akatafuta wa kumrithi. Wanafunzi wakaja, akawasimamisha juu ya tuta.

"Kuzidisha kwa moja, unabaki ulivyo. Kuzidisha kwa hasi moja, unageuka nyuma. Ukigeuka tena?"

"Unatazama mbele, Bibi."

"Haya. Namba gani ikijizidisha yenyewe inazaa hasi moja? Asiyejibu kabla ya mvua za kupandia, arudi kwao."

Wakajaribu moja. Wapi! Wakajaribu hasi moja. Wapi!

"Haipo," wakasema. "Bibi kazeeka, anatuchezea." Wakaondoka.

Akabaki Siwema. Mama yake alishamwambia, "Ukirudi mikono mitupu, mchi wa kutwangia unakungoja." Siwema hakuutaka mchi. Aliitaka kamba ya kupimia.

Akatembea tapu, tapu, tapu. Akageuka. Tapu, tapu, tapu. Akageuka. Haipo. Akalala, akaamka, akarudi tutani. Haipo.

Wingu likatanda. Manyunyu yakaanza, tuta likateleza. Siwema akageuka polepole asianguke. Katikati ya kugeuka, akasimama. Hatazami mbele. Hatazami nyuma. Anatazama ng'ambo ya matuta, upande ambao hakuna aliyeutazama.

Akamalizia kugeuka. Akajikuta anatazama nyuma.

"Bibi!"

"Nakusikia, sijawa kiziwi."

"Ni kugeuka nusu. Nusu, halafu nusu tena, nimetazama nyuma. Hiyo ndiyo namba."

"Iko wapi juu ya tuta?"

"Haiko juu ya tuta, Bibi. Iko ubavuni."

"Ni kubwa kiasi gani?"

Siwema akafikiri. "Ni moja. Ila si moja ya mbele, wala ya nyuma."

Bi Namwaka akamkabidhi kamba. "Nenda kapime huko ulikotazama."

"Na mwiko, Bibi?"

"Mwiko ni wa kuvuka. Kutazama nani alikukataza?"

Siwema akazunguka mwisho wa matuta asivuke hata moja, mvua ikimnyea, akaanza kupima.

Basi, ukiambiwa kitu hakipo, uliza kwanza kilitafutwa wapi. Hadithi yangu inakomea hapo. Fungueni madaftari, hesabu zenu bado.