Mnana Aliyemjengea Kanga Juu ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Wewe uliyejaza muhogo mdomoni, sijakusikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakipeana kazi kama sisi, palikuwa na mto uliojaa matete, na kwenye matete hayo waliishi akina Mnana. Mnamjua mnana, yule ndege wa manjano asukaye nyumba kama kikapu, akaitundika juu ya maji, mlango ukitazama chini ili nyoka akose pa kupita. Kati yao alikuwamo kijana mmoja, jina lake Mbaruku.

Mbaruku alijaliwa mkono. Fundo lake likishakazwa halifunguki, upepo uvume usivume. Akisuka, wenziwe waliacha kazi zao wakamtazama. Alisifiwa asubuhi, akasifiwa mchana, akasifiwa jioni, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku moja akatangaza kwamba amechoka kuwajengea ndugu zake tu. Ataanzisha kazi yake mwenyewe, awajengee ndege wote wa bonde lile, na malipo yatakuwa panzi na mtama.

Mjomba wake, mzee Ngwali, ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi. Hakumkataza, alimkumbusha desturi tu. Kwao nyumba haisifiwi na aliyeijenga. Mwenye kujengewa huivuta kwa mdomo mara tatu, kisha huingia akakaa. Akiipenda, habanduki. Akiikataa, fundi huibomoa mwenyewe, unyasi kwa unyasi, mbele ya macho ya watu. Na fundi aliyekataliwa nyumba tatu kabla ya masika hasuki tena mwaka ule. Kazi yake huwa kuwachumia wenzake nyasi.

Mbaruku akacheka. Yeye, awachumie nyasi wale ambao hata fundo la kwanza ni yeye aliyewafundisha? Akamwambia mjomba asiwe na wasiwasi, akaenda zake.

Mteja wa kwanza alikuwa Bi Tetere, njiwa wa porini mpole wa maneno, mayai yake mawili yakiwa njiani. Mbaruku hakumwuliza neno. Akasuka, akasuka, akasuka, na siku ya tatu akamwita. Bi Tetere akavuta mara tatu, fundo likashika. Akaingia. Ikasikika papatu papatu, kisha akatoka kinyumenyume, manyoya yamemsimama.

"Fundi, kazi yako ni nzuri," akasema. "Lakini mlango uko sakafuni. Mayai nitayaweka wapi?"

Mbaruku akamweleza kwamba ndani kuna kizingiti cha kuzuia mayai, kwamba mama yake mwenyewe alitagia penye kizingiti kama hicho, kwamba nyoka hapiti. Bi Tetere akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Mama yako ni mdogo wa mwili," akasema. "Mimi nikikaa humo, kizingiti chote nimekijaza mimi. Nitafutie nafasi ya mayai, mwanangu."

"Shida si nyumba," akasema Mbaruku. "Shida ni kwamba hujaizoea."

Bi Tetere akaaga, akaruka. Na Mbaruku hakubomoa. Aliiacha ile nyumba ikining'inia palepale, ili kila apitaye aone fundo zuri na aone nani mwenye makosa. Wako majirani wa namna hiyo hata kijijini kwetu, siwataji.

Mteja wa pili alikuwa Bi Kanga. Jamani, kanga. Kanga mzito, kanga atagaye mayai kumi na mawili chini kwenye majani, kanga asiyeruka ila amefukuzwa. Mtu mwenye akili angeuliza. Mbaruku akasuka nyumba kubwa zaidi, ndefu zaidi, na juu zaidi, kwenye ncha kabisa ya tete, katikati ya mto. Ndege wote wakaja kutazama.

Bi Kanga akasimama ukingoni, akatazama juu, akauliza kama ile ndiyo yake. Akaambiwa ndiyo. Akaruka kwa taabu, akalishika lile tete. Tete likainama. Likainama. Likainama, na Bi Kanga akazama majini, madoadoa na yote.

Walicheka mpaka vyura. Bi Kanga akatoka maji yakimchuruzika, akamwendea Mbaruku polepole.

"Nilikuagiza nyumba," akasema, "wewe ukajijengea sifa. Na sifa yako imeninywesha maji mbele ya wakwe zangu."

Mbaruku alianza kumweleza habari za upepo na uzito, akakatiza mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma mpaka kwenye kucha. Nyumba mbili zimekataliwa. Ikikataliwa ya tatu, mwaka mzima atachuma nyasi.

Mzee Ngwali akamwambia maneno mawili tu, abomoe zote. Mbaruku akaanza na ya Bi Kanga, kisha akaenda kwenye ya Bi Tetere.

Sasa, nyumba ya mnana hubomolewa kuanzia ndani. Mbaruku akaingia mle, na kwa mara ya kwanza akakaa kama mgeni. Akatazama kizingiti. Akatoka, akachuma tini ya mkuyu, kubwa kiasi cha yai la tetere, akairudisha ndani akaiweka pale. Ikabingirika. Chubwi, majini. Akaleta ya pili. Chubwi. Akaleta ya tatu, akailaza taratibu kama anavyolaza mama. Chubwi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mbaruku hakuwa amelala kitanda cha mtu yeyote isipokuwa chake. Yangekuwa mayai, sasa hivi Bi Tetere angekuwa analia. Akaibomoa ile nyumba unyasi kwa unyasi, na hakujificha na macho ya watu.

Siku chache kabla ya masika akaja Bi Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa na sauti ya kukoroma, akataka kujengewa. Wengine wakamnong'oneza Mbaruku akatae, kwa kuwa hii ndiyo ya tatu. Mbaruku akamgeukia mteja, akauliza.

"Mama, wewe hulalaje?"

Bi Hondohondo akapepesa macho. Katika umri wake wote hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akaeleza kwamba yeye hutagia ndani ya tundu la mti. Akishaingia huziba mlango kwa tope, akaacha ufa mwembamba tu wa mumewe kumpitishia chakula, naye hukaa humo mpaka watoto wapate manyoya.

Mbaruku alitamani sana kusuka. Panzi aliowaweka akiba wamekwisha, na fundi asiye na kazi husahauliwa upesi. Hata hivyo akasema kweli. "Basi nyumba unayo, mama, nzuri kuliko zangu. Sina cha kukujengea."

Alidhani ataondoka. Hakuondoka. Akasema nyumba ni nzuri ila sakafu ni mti mtupu, na yeye akiwa humo hupukutika manyoya, kifua kinachubuka, na baridi ya masika inampata yeye na mayai. Mbaruku akaomba alione hilo tundu. Akaingia, akajilaza, akalipima kwa mabawa, akageuka huku na huku. Kisha akachuma yale maua laini ya matete, akasuka godoro.

Bi Hondohondo akalijaribu, akasema ni nene mno, mayai yatazama. Mbaruku akalifumua. Akalisuka upya, Bi Hondohondo akalijaribu tena, akasema ukingo unamkwaruza. Mbaruku akalifumua. Safari zote mbili hakueleza kitu. Alisikiliza, akafumua, akasuka, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote alizosifiwa.

Mara ya tatu Bi Hondohondo akavuta ukingo wa godoro, akavuta, akavuta. Akaingia, akakaa.

Akina Mnana wote walikuwa wamekusanyika. Fundi mmoja akasema hiyo si nyumba, ni tandiko, basi ihesabiwe kuwa ya tatu kukataliwa. Mwingine akasema desturi inataka kitu kitundikwe. Mzee Ngwali akakuna kichwa, akakubali kwamba kweli godoro halikuwahi kuitwa nyumba. Mbaruku akainamisha shingo, tayari kuchuma nyasi.

Kutoka ndani ya tundu ikaja sauti ya kukoroma. "Anayelala humu ni mimi au ni nyie?"

Kisha wakaona ule mdomo mkubwa ukichota tope ukingoni mwa tundu na kulipaka. Ukachota, ukapaka. Ukachota, ukapaka. Mlango ukazibwa, ukabaki ufa mwembamba tu. Mabishano yakaishia hapo, kwa sababu mteja aliyejifungia ndani kwa hiari yake amekwisha kujibu.

Masika yalipoanza, Bi Tetere alikuwa amelala juu ya ungo wa nyasi aliosukiwa na Mbaruku, usio na mlango wowote. Bi Kanga alinuna wiki mbili, kisha naye akaja, akataka pazia la majani la kumficha pale chini alipotagia, na Mbaruku akalisuka huku amekaa kwenye matope pamoja naye. Panzi na mtama vikaja, vingi kiasi cha kumgawia mama yake.

Jioni moja, wenzao wametawanyika, mzee Ngwali akasogea karibu naye, akakohoa, akatazama pembeni.

"Mpwa wangu," akasema, "mwaka wa saba huu mgongo unaniuma nikilala. Sijamwambia mtu. Mimi ndiye mkuu wa mafundi, ningemwambia nani?"

Mbaruku akaweka chini unyasi aliokuwa ameshika, akamsogelea.

"Niambie, mjomba," akasema. "Nakusikiliza."

Na hapo ndipo ngano yangu ilipotua. Ikiwa tamu, chukueni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni nikaifumue.