Hukumu ya Nyati Kilabuni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulima kama sisi, Nyati alikuwa na mke, ndama watatu na shamba zuri la mtama. Jirani yake alikuwa Kindi, mjane mdogo wa umbo, mkubwa wa akili.

Nyati alipenda pombe. Mpikaji alikuwa Fisi, naye hakutoa mtungi mpaka apewe kikapu cha mtama. Nyati akabeba, akabeba, ghala likashuka hadi mkewe akawa anachemsha mizizi. Siku moja mke huyo alikwenda kwa Kindi kuomba chumvi, machozi yakamtoka. Akaeleza kuwa ghalani umebaki mtama wa mbegu tu, mvua zimekaribia, na mumewe ameshaukusanya kikapuni aende nao kesho.

Kindi alijua kuwa mlevi akionywa huwa mkali. Asubuhi akaenda kilabuni, akamkuta Nyati na wazee wenzake wameuzunguka mtungi, kile kikapu cha mbegu kiko miguuni pa Fisi. Akapiga magoti.

"Wazee wangu, nimeleta shauri. Kuna baba mtama wake anaupeleka nje, wanawe wanakula mizizi. Afanywe nini?"

Nyati alipenda sana kuulizwa kama mzee. Akapiga kwato chini, pu!

"Anyang'anywe ufunguo wa ghala, apewe mkewe! Na alime mpaka mavuno bila kuonja tone."

Wazee wakaafiki. Fisi, ili kumpendeza mteja wake, akasema hata anayeupokea mtama huo ni mwizi, aurudishe.

Kindi akawaomba wakaitamke hukumu hiyo mbele ya mwenye kosa. Akatangulia yeye, wazee na Fisi wakafuata kwa kishindo. Wakavuka kijito, wakapanda kilima. Njia ilipokata kushoto penye kichuguu, Nyati akapunguza mwendo.

"Kindi, huku si kwangu?"

"Ni kwako, mzee wangu."

Mlangoni alikuwa ndama mdogo, mbavu nje, anatafuna mzizi. Alipomwona baba yake hakumkimbilia, alijificha nyuma ya mama. Hilo lilimchoma Nyati kuliko macho ya wenzake. Alitaka kufoka, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe, na mashahidi wamesimama pale pale. Akauvua ufunguo shingoni, akampa mkewe bila kumtazama usoni.

Fisi akaanza kurudi kinyumenyume. Wazee wakamzuia, wakamkumbusha alichokisema. Kabla ya jua kutua, kikapu cha mbegu kilikuwa kimerudi ghalani, pamoja na viwili vingine vya mtama ambavyo Fisi alikuwa hajavipikia pombe.

Siku ya nne mvua ilinyesha, ikamkuta Nyati shambani, mkewe akifuata nyuma na mbegu.

Basi wanangu, shikeni hili: anayekunywa mbegu huvuna njaa.