Tiketi ya Sultani Shekuwe

Palikuwa na sultani mmoja huko Kivumoni, jina lake Shekuwe, mwenye tumbo la watu wawili na busara ya nusu mtu. Majogoo wa mji mzima aliwafungisha midomo, wasimwamshe. Masultani jirani zake aliwatukana wote, mmoja mmoja, tena harusini kwao. Siku moja akachoka kukaa, akataka kuizunguka dunia kwa ndege.

Akawaita wakata tiketi. "Nataka tiketi moja ya kuizunguka dunia nzima. Ianzie mahali panaponistahili. Atakayenitajia mahali pa kunidhalilisha, gerezani."

Wa kwanza akasema ianzie London. "Kwani mimi sina kwetu?" Gerezani. Wa pili akasema basi ianzie papa hapa Kivumoni. "Hapa wanaanzia safari wauza dagaa. Mimi nianze nao?" Naye gerezani.

Huyo wa pili alikuwa mume wa Mwanashuru. Mwanashuru naye alikuwa mkata tiketi, mwenye meza moja na kiti cha kuazima, ila ulimi ulikuwa mali yake mwenyewe. Alipoitwa, majirani wakamwambia, mwenye nguvu mpishe. Akawajibu kwamba njia atampisha, mume hampi. Akaenda kasrini hasira zimemjaa, maana alimpenda mumewe, na sultani yule yeye hakuwahi kumpenda hata siku moja.

Nje ya kasri watu walikuwa wakiwamba ngoma.

"Ngoma za nini hizo?" Sultani akauliza.

"Za kukuaga, Maulana," Mwanashuru akajibu.

"Mbona sijasema naondoka lini?"

"Hawataki siku iwakute hawako tayari."

Waziri aliyekuwa kando ya sultani akakohoa. Sultani, maskini wa Mungu, akadhani anapendwa, akatabasamu.

"Haya, mwanamke. Ianzie wapi?"

"Tiketi hii ina masharti, Maulana. Ukishika njia ya mashariki, ni mashariki tu mpaka mwisho. Hakuna kurudi nyuma."

"Mimi sirudi nyuma."

"Tunajua. Hata ukikosea."

Waziri akakohoa tena. Sultani akamtazama kwa jicho baya, kisha akamgeukia Mwanashuru. "Sharti jingine?"

"Ilipoanzia ndipo inapoishia. Mji utakaopandia ndege ya kwanza, ndio utakaoshukia ya mwisho."

"Basi utaje huo mji."

"Kwetu sisi mteja hutaja, mkata tiketi huandika. Mimi kazi yangu kuuliza swali moja tu. Ukilijibu, nakata tiketi sasa hivi, na isipokupendeza nifunge. Ukishindwa, kosa si letu, na mume wangu na mwenzake watoke."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikakaa upande. "Mkata tiketi anishinde mimi? Naapa mbele ya baraza hili lote, nikishindwa watatoka leo leo. Uliza."

Mwanashuru akafungua daftari, akaweka kalamu tayari juu ya mstari wa kwanza.

"Miji itakayofurahi ukiondoka ni mingi, Maulana, karatasi haitoshi. Nitajie mmoja tu utakaofurahi ukirudi, niandike hapo."